Mwezi Wangu wa Kusimamia Baraza la Ng'ambo

Jumatatu, 5 Julai 1999

Nimeteuliwa! Leo saa tano asubuhi, ndani ya ofisi ya Agneta mpiga chapa, hapa Likoni karibu na kivuko, mbele ya mashahidi wanne na mbuzi mmoja aliyeingia bila kualikwa. Imeli imetoka Cardiff, Uingereza, kwa Ishaka, mwana wa mtaani kwetu aliyeanzisha Baraza. Asema msimamizi wetu wa zamani amehamia Malindi, basi nishike nafasi yake mwezi mmoja kwa majaribio. Jumamosi ya tarehe 31 wanachama watapiga kura. Nikishinda, mimi ndiye Msimamizi wa kudumu.

Nieleze hapa Baraza la Ng'ambo linavyokwenda, ili wajukuu wasije wakababaishwa. Tu wanachama thelathini na mmoja. Kumi wako nje: Cardiff, Dubai, Maskati. Hao wana kompyuta zao. Ishirini na mmoja tuko Likoni na hatuna hata kibonyezo kimoja. Kompyuta ni ya Agneta. Huunganisha simu mara mbili kwa siku, saa tano na saa kumi. Hoja za nje huzichapa na kuzibandika ukutani, nasi huzisoma tukiwa wima. Zetu twaandika kwa kalamu na kuzitia ndani ya kopo la biskuti. Agneta huzipiga chapa na kuzirusha. Hoja kuu ya mwezi huu: Likoni ijengewe daraja, au feri zatosha?

Miaka ishirini na miwili nilikuwa karani wa shehena bandarini Kipevu. Kontena haikutoka bila sahihi yangu. Kisha nikapunguzwa kazi. Tangu hapo, nikisema neno mbele za watu, mmoja hutazama saa na mwingine hukumbuka ana mgonjwa nyumbani. Hata muuza mchicha haniulizi kitu. Nafasi hii naitaka.

Mwanarehema, mke wangu, aliuliza msimamizi kazi yake nini hasa. Nikamwambia ni kuweka utaratibu. Akasema basi nianze na viatu vyangu pale mlangoni.

Kanuni saba tayari.

Jumatano, 7 Julai 1999

Nimevuka kwa feri kwenda mjini kisiwani kuchukua mihuri. Miwili! Mmoja IMEPITISHWA, mwingine IMEKATALIWA. Nimeijaribu nyumbani juu ya gazeti, juu ya bahasha, na kwa bahati mbaya juu ya mto wa Mwanarehema. Hauoshiki.

Mtu wa kwanza kuonja IMEKATALIWA ni Kioko, makanika kutoka Machakos, mwenye gereji nyuma ya soko. Hoja yake nzima: "Daraja lijengwe. Feri ni foleni tu. Kwisha." Bila salamu! Bila hujambo! Mtu anaingia nyumbani kwa watu kupitia dirishani! Kioko alikuja mwenyewe na spana mkononi kuuliza kosa lake. Nikamweleza kwamba huku pwani mtu huamkia kwanza. Akasema gari likiletwa gereji halimwamkii, na yeye hulitengeneza vilevile. Nikamwambia ndio maana magari yake hayadumu.

Kanuni ya nane: kila hoja ianze kwa salamu kamili.

Hapo ndipo Mwinyihaji akainua kidole. Mwinyihaji ni fundi wa kanzu, mjane wa miaka minne, rika langu. Tulitahiriwa siku moja. Nafasi hii anaimezea mate pia, tena hafichi, atasimama siku ya kura. Akauliza kwa sauti laini, laini mno: je, salamu hizo zitajibiwa? Nikanguruma kwamba salamu hujibiwa, sisi si mawe. Akauliza zijibiwe na nani. Nikasema na kila aliyeamkiwa. Kanuni ya tisa. Pa! Muhuri.

Mwinyihaji alitabasamu, na hilo sikulipenda.

Jumamosi, 10 Julai 1999

Hoja sitini na nne kwa siku tatu. Zote salamu.

Ishaka aliwaamkia wote kutoka Cardiff. Wote wakamwitikia. Wa Dubai wakawauliza wa Maskati habari za joto. Wa Maskati wakajibu ni njema, habari za kwenu? Wa Likoni wakauliza habari za watoto, za wazee, za kazi, za mvua. Kila swali nalo ni salamu na lataka jibu. Kioko ameandika ukurasa mzima akiwaamkia wanachama kwa majina, mmoja mmoja, na yeye mwenyewe akiwemo. Akachoka kabla hajafika darajani.

Agneta ni mstaarabu. Kwao ni Bungoma, na akikasirika sauti yake hushuka. Leo ilishuka sana. Alisema wino wa printa umekwisha mara mbili. Ukuta umejaa hadi dari, sasa anabandika dirishani, na ofisi imekuwa giza saa sita mchana. Kisha akauliza kwa adabu kama daraja limeshajengwa, maana haoni tena mtu akilitaja.

Ishaka naye ameuliza kulikoni. Ila ameanza kwa salamu, kwa hivyo imebidi wote tumjibu.

Nimefikiri mpaka chai ikapoa. Nimepata dawa! Kanuni ya kumi: mdogo ndiye atakayemwamkia mkubwa, kwa shikamoo moja tu, na mkubwa atajibu marahaba, basi. Kazi imepungua nusu. Akili hii Kipevu waliiacha iende hivi hivi.

Jumanne, 13 Julai 1999

Asubuhi, ndani ya kopo, karatasi ya Mwinyihaji: "Mwanangu Mbwana, naisubiri shikamoo yako."

Mwanangu! Mtu tuliyetahiriwa naye siku moja, tukalia pamoja, yeye zaidi! Nikamwendea cherehanini. Alisema, bila kuinua macho kwenye pindo, kwamba amenizidi msimu mmoja wa mvua. Mamake ndiye aliyemwambia. Mamake ni marehemu. Shahidi mzuri huyo, haulizwi kitu!

Haya basi. Mimi ni mtu wa makaratasi. Kanuni ya kumi na moja: kila mwanachama alete kitambulisho, na walio nje watume mwaka wao wa kuzaliwa. Nitaandaa Orodha ya Ukubwa, kuanzia mzee kabisa hadi mdogo kabisa, na kuibandika ukutani. Tutaona nani mwana wa nani.

Agneta aliuliza kama nimefikiria vizuri kubandika miaka ya wanawake. Nikamwambia utaratibu haujui mwanamke wala mwanamume.

Ijumaa, 16 Julai 1999

Laiti ningeukubali ushauri wa Agneta. Laiti ningevunjika mkono jana.

Mwanarehema ni mwanachama tangu Mei. Alijiunga aulizie habari za maji ya bomba. Kitambulisho chake alinipa ndani ya kitambaa, na mimi nikanakili kama nilivyonakili namba za kontena miaka yote ile, mkono unakwenda, kichwa kiko kwingine. Orodha nikaibandika saa nne. Saa nne na robo Mwinyihaji akaisoma kwa sauti. Mwanarehema, 1945. Mbwana Mwidani, 1947.

Masalaale! Miaka ishirini na sita ya ndoa! Niliambiwa nampokea msichana wa miaka ishirini na miwili. Nimekuwa nikimwambia kila mtu kwamba mke wangu nimemlea mwenyewe.

Mwinyihaji naye ni 1947, kwa hivyo ile kesi yetu haikuamuliwa hata kidogo. Lakini nani alijali tena? Kioko akauliza, kwa upole, eti yeye ni mtu wa bara na angependa kujifunza: chini ya kanuni ya kumi, mume humwamkia mke? Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kuanza kukohoa. Nikasema kanuni haina upendeleo. Nilisema hivyo kwa sababu muhuri ulikuwa mkononi.

Nikaandika: "Shikamoo, Bi Mwanarehema." Ikarushwa saa tano. Ikafika Cardiff, Dubai na Maskati.

Saa kumi jibu likawa ndani ya kopo, kwa mwandiko wa nyumbani kwangu: "Marahaba, mwanangu. Ukirudi pitia unga."

Wamenicheka katika nchi nne. Unga nilipitia.

Jumatatu, 19 Julai 1999

Nimepiga hesabu ya kura. Yangu, moja. Nyingine siioni.

Lazima apatikane mwanachama mpya. Mtu mwenye busara, wa mbali, asiyenicheka. Kama hayupo, atakuwepo. Jina lake Mwanatabu, anakaa Tanga, hana kompyuta, na barua zake zitaletwa na abiria wa basi. Nimeandika ya kwanza kwa mkono wa kushoto, mlango umefungwa, Mwanarehema yuko kisimani.

Nusu ya kwanza ya ukurasa niliitumia kumsifu Msimamizi. Makini, mwadilifu, kichwa kilichotulia. Ilinitoka vizuri. Nusu ya pili ilibidi nitaje daraja, isije ikaonekana barua ya kutungwa. Sikuwa na la kusema, nikaandika lililokuja. Ile asubuhi mamangu alipozidiwa. Tulimlaza juu ya mkokoteni tukamsukuma mpaka kivukoni, tukaikuta feri imeshang'oa nanga, imefika nusu ya maji. Tukasimama naye juani. Akawa anauliza, tumefika? Nasi twamwambia, bado kidogo. Akauliza mara tatu. Ya nne hakuuliza. Nimemfanya awe mama wa Mwanatabu, aliyekuja Likoni kutembea.

Mkono wa kushoto ulichoka, kwa hivyo salamu ni moja tu, salaam alaikum nyote.

Agneta aliichukua barua, akaitazama, akanitazama, akaiinua dirishani mahali ambapo mwanga bado unapita. Akasema kumbe hata Tanga watu huandikia karatasi za miraba. Nikamwambia miraba iko kila mahali.

Alhamisi, 22 Julai 1999

Hoja kumi na tisa kwa Mwanatabu! Kumi na tisa! Mimi tangu niwe Msimamizi sijapata hata moja isiyo ya kunikejeli.

Zile sifa zangu hakuna aliyezigusa. Wameziruka kama dimbwi la maji machafu. Wote ni mama juu ya mkokoteni. Kioko ameandika kuhusu mkewe aliyeshikwa na uchungu kwenye foleni, akajifungua mbele ya kibanda cha machungwa. Mtu wa Dubai ameandika kuhusu babake. Mwingine amejibu kwamba daraja litawaondolea riziki wachuuzi wa kivukoni, mwingine akampinga kwa hoja, si kwa matusi. Wanajadiliana! Barazani kwangu! Wala hakuna aliyeomba ruhusa.

Halafu, bila shaka, wakauliza. Mwanatabu binti nani? Wa mlango gani? Kwao hasa ni wapi? Mtu wa pwani hamwachi mwanamke akapita bila kumjua ukoo. Nililisahau hilo! Mimi, mzaliwa wa hapa! Nikaandika haraka kwa mkono wa kushoto: binti Salimini, babake asili yake Mtongwe. Salimini nilimtoa hewani.

Saa kumi ikaja imeli ya Bi Mwanakheri wa Maskati. Huyu ndiye mkubwa wetu, miaka sabini na sita, aliondoka Mtongwe zamani na kuolewa huko. Asema Salimini ni binamu yake aliyekwenda Tanga akiwa kijana na hakusikika tena. Kumbe aliacha mtoto! Asema amelia tangu adhuhuri. Amwuliza Mwanatabu kama amepata mwanya wa meno ya mbele, kama bibi yao.

Nilikwenda nje kunywa maji. Nikarudi. Mwanatabu anao mwanya. Ningefanyaje?

Jumatatu, 26 Julai 1999

Mwinyihaji amekuja akiwa na kofia mpya na mafuta ya nywele. Akaomba tuzungumze faragha. Kanuni ya sita, asema, mambo ya faragha kati ya wanachama hupitia kwa Msimamizi. Ameisoma! Nilidhani hakuna aliyezisoma. Nilianza kumpenda kidogo.

Akaniuliza kama Mwanatabu ana mume.

Anataka kuposa. Na mshenga anataka niwe mimi! Mimi, niwe mshenga wa mkono wangu wa kushoto!

Nilitaka kucheka, nikamtazama, nikashindwa. Alisema tangu mkewe afe hazungumzi na mtu ila na vitambaa. Aliposoma habari ya yule mama akiuliza tumefika, ilibidi aache cherehani na kwenda kukaa nje. Asema mwanamke anayesema hivyo hatamwona mjinga akikaa kimya. Akajaribu kufunga kifungo cha kanzu, akakikosa mara mbili. Mikono ya Mwinyihaji, inayopitisha uzi kwenye sindano bila miwani! Astaghfirullah. Nikamwambia nitalitazama suala lake.

Nimefika nyumbani, Mwanarehema anajua habari yote ya posa, na ameamua karamu itakuwa kwetu. Bi Mwanakheri amekubali posa kabla haijapelekwa. Anatuma leso jozi mbili kwa msafiri.

Hapana. Huyu mwanamke lazima aondoke. Nimekaa na kanuni zangu zote na sababu nimeipata. Kanuni ya nane: salamu kamili. Barua yake ya kwanza ilikuwa na salamu moja, fupi. Kosa la wazi! Mwanatabu binti Salimini, kwa mamlaka niliyopewa, unafukuzwa Barazani. Pa! Pa! Nimepiga mihuri yote miwili kwa bahati mbaya.

Alhamisi, 29 Julai 1999

Hoja arobaini na tatu. Hakuna hata moja yenye salamu.

Kioko asema Mwanatabu akitoka naye anatoka, na gari la nani litaharibika tutaona. Dubai wameniita dikteta. Ishaka, kijana mpole yule, ameniuliza kama nina homa. Bi Mwanakheri ameinukuu kanuni ya kumi: mimi ni mdogo wake kwa miaka ishirini na minne, na ananiamrisha nimrudishe mtoto wa Salimini kabla ya alasiri. Mwinyihaji hakuandika kitu. Amefunga kibanda.

Chakula cha mchana niliwekewa uani, karibu na kuku.

Saa kumi kasorobo nimemrejesha. Nimeandika kwamba Msimamizi, baada ya kutafakari kwa kina, ameonyesha huruma. Kwa kweli niliogopa.

Jumamosi, 31 Julai 1999

Siku ya kura. Kanzu imepigwa pasi, hotuba ya ushindi kurasa nne. Ya kushindwa sikuandika.

Karatasi za Likoni zilitiwa ndani ya kopo, za nje zikaja kwa imeli. Wagombea wawili, mimi na Mwinyihaji. Agneta akahesabu mbele ya watu. Akahesabu tena. Kisha akasoma, na sauti yake ilishuka. Mwinyihaji, tatu. Mbwana Mwidani, mbili. Mwanatabu binti Salimini, ishirini na sita.

Hakugombea! Wameandika jina lake wenyewe! Nimeshindwa na mtu ambaye, nikipata kikohozi, yeye ndiye atakayekosa la kusema! Watu wakapiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele, na kigelegele hicho nakijua, nimeishi nacho miaka ishirini na sita.

Katika zile mbili, moja ni yangu. Nilimwuliza Mwanarehema nyingine ya nani. Alisema alikuwa na hamu ya kumchagua Mwanatabu kama wengine, lakini alipofika kwenye kopo alinikumbuka. Kisha akaniambia nisimtazame hivyo.

Ningenyamaza. Wallahi ningenyamaza, nikawa Msimamizi kwa jina la Mwanatabu, na mkono wa kushoto ungezoea. Lakini Mwinyihaji akasimama. Amevaa ile kofia mpya. Akasema habari njema kama hii haitumwi kwa barua. Jumatatu asubuhi anapanda basi la Tanga kuipeleka mwenyewe. Tiketi anayo. Akatuonyesha.

Agneta alinitazama mimi tu, si tiketi.

Jumapili, 1 Agosti 1999

Nilikwenda kwa Mwinyihaji saa mbili asubuhi. Alikuwa akipiga pasi kanzu ya safari. Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga utangulizi wa kurasa mbili, ukanitoka kichwani, nikamwambia kwa maneno matatu.

Pasi ikabaki juu ya kanzu mpaka harufu ikaja. Tukaitazama ile alama, kubwa, ya kahawia, kifuani. Halafu akauliza kama yule mama naye nilimtunga.

Nikasema hapana. Yule ni mamangu.

Akakaa. Akasema mamangu alimlisha utotoni, alimjua kuliko shangazi zake. Miaka yote hii napita mbele ya mlango wake, namsumbua kwa kanuni na muhuri na nani mkubwa, na jambo hilo moja, jinsi alivyofia kivukoni, sijawahi kumwambia. Nimekwenda kulisema kwa mdomo wa mwanamke wa Tanga. Alisema watoto wake wameshaambiwa. Alisema alinunua kofia. Kisha akaniambia nitoke.

Nilifika barabarani akaniita. Akanipa karatasi na kalamu ya kuchorea vitambaa, akaniambia niandike kwa Baraza, hapo hapo, kwa mkono wa kulia. Nikaandika: "Mwanatabu ni mimi. Mama ni mamangu. Naomba radhi." Akaisoma, akaikunja, akaipeleka kwa Agneta mwenyewe. Agneta alifungua ofisi, Jumapili, baada ya kanisa.

Nilikaa kwenye ngazi za kibanda cha Mwinyihaji nikalia. Nina aibu. Sijui neno jingine la kuweka hapa.

Jumanne, 3 Agosti 1999

Hoja thelathini na saba, kwa jina langu!

Ishaka ameninyang'anya usimamizi na kumpa Agneta. Haki yake. Agneta amebandua kanuni zote, mwanga umeingia, na mahali pake ameweka kikaratasi kimoja: andika kwa mwandiko unaosomeka. Ni kanuni nyepesi.

Kioko ameandika, "Pole kwa mama, mzee. Daraja lijengwe." Dubai wamenitukana kidogo, halafu wamenipa pole nyingi. Bi Mwanakheri amenilaani nusu ukurasa. Nusu ya pili asema ameshatangaza Maskati nzima kwamba Salimini aliacha mtoto, hawezi kurudi nyuma, basi mtoto huyo ni mimi, na nitume picha ya meno. Mwinyihaji alikuja saa kumi. Akasoma ukuta wote, akaja kwenye benchi langu, akanisukuma kwa bega nimpishe, akakaa. Tukakaa hivyo mpaka ofisi ikafungwa. Tiketi aliitumia kufungia uzi.

Na njiani kurudi watu wamenisimamisha mara nne! Mara nne! Wananiuliza mimi, Mbwana Mwidani, ninaonaje habari ya daraja. Wakanisikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyetazama saa. Nimefika nyumbani nikamwambia Mwanarehema, akasema, unaona sasa? Naona! Naona wazi kabisa.

Kumbe siri ni kuungama! Mtu akiungama, hujibiwa. Miaka yote hii sikujua. Ila nimeona pia kasoro moja kubwa: jambo zuri hivi linafanyika kiholela. Mtu anaungama wakati wowote, mbele ya yeyote, kwa kiasi anachotaka. Haifai. Nimekaa uani tangu alasiri na rasimu imekamilika. Kanuni za Maungamo ya Baraza la Ng'ambo, vifungu kumi na tisa. Kila Jumatatu mwanachama mmoja. Ukurasa mmoja, si zaidi. Kilio kisianze kabla ya aya ya pili. Ni marufuku kuungama kosa la jirani. Kesho saa tatu nampelekea Agneta, kabla sauti yake haijashuka.

Mwanarehema aliisoma rasimu akiwa amesimama. Alipofika kifungu cha tano akakaa chini.

Nitaanza mimi Jumatatu ijayo, kuwaonyesha mfano. Tatizo ni moja tu. Kosa jingine sina. Itabidi nitunge.